Ku Muchanga ya Idjwi Nitakuja Bila Kitunga

Nyabiondo, siku ya mwisho mbele ya safari yako

Kwako mwanangu Riziki,

Wakati utasoma hii barua utakuwa umekwisha kuvuka ziwa, umefungua mufuko yako, umeikuta chini ya nguo yako ya kikwembe ya kijani. Kwa hiyo nakusalimia kama muntu mwenye iko mbali, hata kama sasa hivi niko nasikia sauti yako kule ku kanisa. Munaimba na watu wa korale nyimbo za kukuaga.

Papa yako anakusalimia. Iko inje, anafuma mukanda ya kubebea muzigo, kikohozi yake imepunguka kidogo. Mudogo yako Baraka anakusalimia, anasema umutumie picha ya bwato, si picha yako, ya bwato. Zaneti, ule mudogo ya mwisho, anakusalimia, ameficha sandale yako moja, anawaza hivi utarudia kuitafuta. Shangazi yako Mapendo wa mu kambi ya Kashuga anakusalimia, alituma salamu na motari wa pikipiki juzi, anasema watu wa kule wako wazima, mvua tu njo nyingi. Mama Kavira wa butike anakusalimia, yeye njo alinipa hii kaye ya kuandikia, na akaniambia niandike herufi kubwa kubwa juu macho yangu haina kazi. Mbuzi wote wako. Kuku yako nyeusi iko, inalalia mayai, haitaki muntu aikaribie. Na mimi mama yako niko. Kusema niko muzima ao niko mugonjwa, sijui. Niko.

Unajua masomo yangu iliishia mwaka ya tatu ya primeri, kiisha ile darasa ya wamama ku kanisa. Naandika pole pole. Nilianza asubuhi wakati ulienda ku maji, ukarudia, nikaficha kaye chini ya unga ya muhogo. Njo maana kurasa ya kwanza iko nyeupe hivi. Uipangushe tu.

Mambo ya chumvi, ya kufunga mulango, ya kuchemusha maji, sitaandika. Wewe njo unafundishaka wamama wengine hiyo mambo. Mimi nataka kuandika juu ya ile karatasi.

Ile jioni tulikuwa tunakula mahindi ya kuchoma. Ukatosha karatasi mu mufuko, ukaitandika ku mukeka, ukasema, "Mama, nimekupangia matembezi."

Papa yako akauliza, "Matembezi ya kwenda wapi?"

"Ya kando ya ziwa, Papa. Mama akikuja kunitazama ku kisiwa ya Idjwi, siku ya Mungu kiisha ibada, mimi na yeye tutatembea ku muchanga."

Ukatuonyesha na kidole. Hapa bwato inafikia. Hapa santre ya afya kwenye utafanya kazi, na hapa nyuma kachumba kako. Hapa muti ya avoka na kivuli yake. Hapa muchanga inaanza. Na hapa mwisho, jiwe kubwa yenye iko kama ngombe amelala. Ulichora hata pembe.

"Mukifika ku jiwe munafanya nini?" Papa yako akauliza.

"Tunaikala, Papa."

"Kiisha?"

"Kiisha tunarudia."

"Munarudia na nini? Na kuni?"

"Hapana, Papa. Hatubebi kitu."

"Hata kuni?"

"Hata kijiti."

Akacheka mupaka akakohoa. Akasema tangu azaliwe, watu wa Nyabiondo wenye ameona wanatembea na mikono mitupu wako aina moja tu, walevi, na hata wale wanabebaka chupa. Baraka akaanguka na kicheko. Na wewe ukacheka, ukanitazama mimi.

Mimi nikasema, "Tutaona."

Ukakunja karatasi. Wewe hausemaki kitu.

Kesho yake nilimuambia Mama Kavira, alikuwa anapima sukari ya mutoto fulani. Unajua yeye ni muntu wa Butembo, kwake muntu akisimama bila kazi ni kama amekufwa. Akasema, "Kutembea bila kwenda mahali, Mama Riziki, hiyo ni ugonjwa ya watu wa muji. Nimewaona Goma. Wanaita plaje. Wanavua viatu, wanaikala, wanaangalia maji kama muntu anaangalia sufuria yenye haiivi." Akafunga sukari. Kiisha akasema, "Lakini mutoto yangu akiniita, mimi naenda. Naenda hata leo, nafunga butike."

Niliregea ku nyumba na hiyo maneno.

Najua uliwaza naogopa maji. Ao goti yangu. Ulipanga njia mufupi juu ya goti yangu, uliandika pembeni "Mama, dakika makumi mbili tu". Mwanangu, si maji. Si goti. Nilisema tutaona juu iko kitu yenye hujue, na mimi sikuweza kukubali matembezi mazuri kama ile kwa muntu mwenye hajue. Sasa nitaiandika. Naandika kama muntu anachambua maharagi, nzuri huku, mubaya huku, na kichwa iko kwingine.

Ile safari ya kukimbia, ulikuwa na miaka saba. Hadisi yake unaijua, unaihadisiaka wewe mwenyewe, nilikusikia ukiwahadisia wenzako wa masomo: bunduki zililia asubuhi, Papa alikuwa Masisi na viazi vyake, njia ikafungwa, Mama alibeba Baraka na vitu vya Baraka, na mimi nilitembea mwenyewe mupaka Kibua. Unasema hivyo na kichwa juu. Mimi njo nilikufundisha kusema hivyo. Nilisimama mu kanisa nikatoa ushuhuda, nikasema Mungu alimupa mutoto yangu nguvu ya muntu mukubwa, na watu wakapiga makofi, na ukasimama juu ya benchi wakuone.

Vitu vya Baraka haikuwa mu kitunga. Baraka alikuwa na kikwembe moja na kofia moja, na nilimufunga ku kifua. Mu kitunga, ku mugongo, na mukanda ku paji ya uso, nilibeba mbegu.

Mbegu ya maharagi ya Koko yako, mama ya Papa. Hukumujua vizuri, alikufwa mwaka moja mbele ya ile vita. Siku niliolewa na kuingia bibi mu nyumba yake alinimwangia ile mbegu mu kitunga mbele ya watu wote, nyekundu, njano, na ile ya madoadoa yenye haipatikani tena, akasema, "Bibi wa hii nyumba anaweza kuvunja chungu, anaweza kuchoma bugali, nitanyamaza. Mbegu hapana." Wewe umekua wakati mbegu inatoka ku soko na ku misaada, huwezi kujua. Zamani yetu wakati ya kupanda wamama hawasalimiani habari ya asubuhi. Wanauliza, "Mbegu yako iko?" Unajibu, "Iko." Mwanamuke mwenye alienda kuomba mbegu kwa jirani, walimuongelea ku maji mupaka mavuno.

Basi bunduki zililia, na mikono yangu ilienda ku mbegu. Hiyo njo sikuwahi kusema. Mbele ya kwenda kwako, ilienda ku mbegu. Ulikuwa umesimama ku mulango, hauna viatu, nilikuona vizuri. Nikafunga kitunga kwanza.

Kopo kumi na mbili za gigozi, ile kopo ya maziwa ya watoto. Bado najua.

Siku ya kwanza ulitembea vizuri. Ulishika ncha ya kikwembe yangu, ulikuwa unauliza maswali, kama ku Kibua wako na mbuzi, kama wanajua kwamba tunakuja. Nilikuwa mbele, natembea na miguu ya muntu mukubwa, na wewe nyuma unakimbia-kimbia ili ncha isikuponyoke. Leo natazama wamama mu njia ya soko, wote wanatembea hivyo, mutoto nyuma anakimbia. Hakuna mwenye aliniambia kwamba mwendo ya safari inapimwa na muguu mudogo. Nilijifunza kwa kuharibu.

Siku ya pili, mu tope, mule kwenye walikata mianzi, ulikanyaga kisiki. Nilisikia pumzi yako tu. Tukaenda. Kiisha kidogo ukasema, "Mama, muguu."

Nikasema, "Kila muntu iko na muguu. Tembea."

Tukaenda. Ukasema tena, "Mama, muguu yangu."

Na mimi nikageuka, na ile mukanda ku kichwa siwezi kuinama, nikakuambia kutoka juu, "Ukisema tena hiyo neno nitakuacha hapa na wenye wanakuja nyuma."

Hukusema tena. Mupaka leo, Riziki.

Ulifunga jani ya ndizi mwenyewe. Sikuona ulifunga saa ngapi.

Tulifika ku ile muto. Watu walikuwa wanatupa mizigo pale ku ukingo, godoro, sufuria, muntu moja aliacha milango mbili za nyumba yake, alizibeba mupaka pale. Papa moja wa kofia alikuwa anaweka chini mashini ya kushona. Aliiweka pole pole, akaipangusha tope na shati yake kama ni mutoto, kiisha akaiacha. Akatuona. Akasema, "Mama, acha huo muzigo ubebe mutoto, maji iko na nguvu."

Nikamujibu, "Hii ni mbegu ya nyumba ya bwana yangu."

Akakuonyesha wewe na kidevu. "Na huyu ni nini?"

Nikakaza mukanda ku paji. Yeye alikuinua akakuvusha ku mabega, na ng'ambo akakuweka chini, akakuambia, "Tembea pole, dada mudogo," akaenda zake. Wewe unamukumbuka, uliniulizaka, "Ule Papa wa kofia alikuwa nani?" Nilikuambia simujui. Ni kweli simujui. Lakini maneno yake nilikuficha.

Siku ya tatu ilinyesha tangu asubuhi mupaka tulifika. Mama muzee wa Kibua mwenye alitupokea, yeye njo alifungua ile jani. Alichemusha maji ya chumvi, akaweka muguu yako mu beseni. Akauliza, "Huyu mutoto anatembea na hii tangu wakati gani?"

"Tangu jana."

"Na halii?"

Nikasema, "Iko na nguvu." Uongo yangu yote ilizaliwa pale, mu hiyo maneno tatu. Kiisha ilikua tu, kila muntu aliiongeza kidogo, na wewe mwenyewe ukaipenda.

Kesho yake nikafungua kitunga. Mvua iliingia siku zote tatu. Mbegu ilikuwa imevimba, imechipuka, ingine imeoza, inanuka. Hakuna kopo moja ya kupanda. Mama muzee akasema tusitupe yote, tuchague yenye inafaa. Tukapika. Ulikula sahani mbili, muguu yako imefungwa kitambaa, ukasema, "Mama, haya ni maharagi ya ku nyumba. Ni tamu."

Sikulia. Watu wanasemaka muntu akilia anapona. Nilisubiri kulia ile siku na siku zingine, haikukuja. Nilienda kulima shamba ya watu, nikapiga jembe. Papa yako alipotukuta, kiisha miezi mbili, aliuliza, "Mbegu iko?" Nikamuambia, "Haiko." Akasema, "Si kitu." Hivyo tu. Kitu yenye niliogopa kuliko bunduki, yeye alisema si kitu, na akakuinua wewe, akatazama ule muguu. Yeye anajua. Tangu ile siku hafumi mukanda kwa ajili yangu, anafuma ya kuuza tu. Sikumuuliza sababu.

Vidole viwili vilikunjamana, na kisigino haikushuka tena. Wewe unasema ulizaliwa na mwendo yako. Unawaambia watu hivyo na unacheka. Hapana. Ulizaliwa na miguu miwili sawa sawa, mukunga alihesabu vidole mbele yangu.

Sasa uangalie vile tuliishi. Ile mwaka ulienda kufanya mutihani Masisi kwa miguu, ukarudia, nikakukuta nyuma ya nyumba, muguu mu beseni, umevimba kama muhogo. Nikasimama. Ukasema, "Naosha tu, Mama." Nikasema, "Osha vizuri." Nikaingia. Tulikuwa watu wawili, wote wanajua, wote wananyamaza, na mulango katikati. Ningesema neno moja tu pale. Niliingia kugeuza bugali.

Njo hiyo inanisumbua juu ya safari yako, si wezi, si maji. Unaenda kazi ya kuzalisha wamama ku kisiwa ya vilima. Watakuita, "Riziki, kule juu iko mama anaumwa uchungu," na utapanda. Watakuita tena na utapanda tena. Hautasema. Watu wa kazi watakupenda sana, watasema ule musichana hachokaki, na nitakuwa mimi njo nimekufundisha. Wale wamama wakikulilia, wewe unawaambiaka, "Lia, Mama, sema penye panauma." Nilikusikia ukifanya hivyo kwa bibi ya jirani yetu Safari, wakati alizaa. Nilikuwa nashika taa. Niliwaza, huyu mutoto anawapa watu kitu yenye mimi nilimunyima.

Sikuandika hivi ili ulie. Mimi mwenyewe silii. Naandika ili ile matembezi yako iwe ya kweli, kama itakuwa.

Juu nimeitazama ile karatasi. Uliiacha chini ya kalenda, ukafikiri sikuiona. Naitoshaka wakati muko ku shamba, naitembea na kidole, toka bwato mupaka ngombe ya jiwe, na kurudia. Nimetembea sana ku ile muchanga, Riziki, mimi mwenye sijawahi kuona ziwa. Na iko mambo nataka kubadilisha, juu wewe unajua kisiwa lakini mimi najua kutembea vibaya, na hiyo pia ni elimu.

Ulinichora mimi mbele na wewe nyuma umebeba bido ya maji. Futa hiyo. Wewe utakuwa mbele. Mimi nitafuata nyuma yako, na nitakanyaga kwenye umekanyaga, na ukisimama nasimama. Na bido hapana, tutakunywa mbele ya kutoka, kama ngombe, kiisha tunaenda.

Tena uliweka kupumuzika ku mwisho, ku jiwe. Muntu mwenye anapumuzika ku mwisho tu ni mwenye anafukuzwa. Weka kupumuzika ku ile muti ya avoka, mbele hata ya muchanga kuanza, wakati hakuna mwenye amechoka. Tuikale tu. Kiisha weka ingine katikati. Kama hakuna jiwe katikati tutaikala chini, kikwembe inafuliwa.

Usiandike dakika. Dakika zinasukuma muntu. Na kama tukiona jiwe kwa mbali na moja wetu hataki tena kufika, turudie. Hiyo sikuijua zamani, kwamba muntu anaweza kurudia na hakuna kitu inaharibika. Ngombe yako ya jiwe itabaki pale imelala.

Uliza watu wa kule upepo inaamuka saa ngapi. Ulisema asubuhi maji iko kimya na mangaribi inapiga. Basi twende asubuhi, mbele ya ibada ya pili, wakati maji ya mvua ya usiku iko bado mu muchanga na muchanga iko ngumu kidogo. Lakini isiwe ngumu sana. Nitakuambia sababu.

Ile jioni ya karatasi ulisema kitu moja na watu hawakusikia, walikuwa wanacheka mambo ya kuni. Ulisema chini chini, kama unajiambia wewe, "Ku muchanga sichechemei. Muchanga inapanda yenyewe inakutana na kisigino."

Mimi nilisikia.

Tangu ile siku hiyo njo kitu yenye nataka kuona. Ziwa Mama Kavira amekwisha kuniambia, ni maji mingi. Samaki nimeona ku soko. Mimi nataka kusimama nyuma yako na kuona miguu yako miwili ikishuka sawa, hata kwa urefu ya shamba moja ya maharagi. Kiisha nitarudia Nyabiondo, nitalima. Siombi kitu ingine ku Idjwi.

Papa yako amekwisha kufuma ule mukanda wakati naandika. Ameingia nao, ameuweka karibu na mukono yangu. Anasema, "Ukienda kumuona mutoto utamupelekea maharagi, huwezi kwenda mikono mitupu, watu wa kule watasema nini." Ni mara ya kwanza ananifumia tangu Kibua. Nimeutazama. Ni muzuri, ameweka nyuzi nyekundu pembeni. Nikamuambia, "Papa Riziki, aksanti. Utautundika ku musumari."

Akasema, "Utaenda mikono mitupu kweli?"

Nikasema, "Kama walevi."

Hakucheka. Aliutundika. Kiisha akaikala karibu yangu, anatazama naandika, hasomi, anatazama tu mukono. Njo tuko hivi sasa.

Sasa sikiliza, kazi yako iko hapa. Sikusema nitakuja, nilisema tutaona, na sasa wewe njo utasema. Umekwisha kujua nilibeba nini. Kama utaona huwezi kutembea na mimi ku ile muchanga, ao huwezi sasa, mupaka mwaka ingine, nitaelewa na sitauliza mara mbili. Karatasi nitaichunga. Kama unataka nikuje, nitakuja kiisha mavuno ya maharagi, kama njia ya kushuka ku ziwa iko wazi, na Baraka atanisindikiza mupaka ku bwato ili apige ile picha yake.

Wameacha kuimba. Nasikia unawaaga ku njia ya migomba, mumoja wa korale mwenye sauti nene anakutania, anasema utarudia na bwana wa kisiwa mwenye kunuka samaki ya sambaza, na unamujibu kwamba wewe na sambaza munaelewana. Sasa unakuja. Hatua yako naijua kati ya hatua za watu wote wa hii kilima. Moja inagonga, moja inagusa tu. Nimeisikiliza miaka kumi na tano, kila jioni, na kila jioni nilijifanya napika.

Nakunja. Ukifika ku mulango utanikuta nachambua maharagi, na hautajua kitu mupaka kule.

Usikawie kunijibu. Siku ile ile utasoma, utume neno kwa telefone ya Mama Kavira, nitamukalia pale ku butike mupaka anichoke. Ya matembezi iweke nyuma, nikuje ao nisubiri, yoyote nitaipokea. Mbele yake uandike ya muguu. Umeshuka ku pikipiki, umeikala mu bwato siku nzima, umepanda kilima ya santre na mufuko. Kama inauma, andika, "Mama, muguu." Anza na hiyo. Nitangojea hiyo kwanza.

Mimi mama yako,
Mama Riziki